Dokta Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba makala ya muhula huu juu ya maisha ya mtu mashuhuri, nilikuwa tayari nimekwisha chagua mtu mwingine kabisa. Kilichonigeuza nia ni mzee mmoja aliyenijia ofisini asubuhi, tukaamkiana Mwangaluka, akaketi, akaanza kuongea juu ya binti yake bila kuzunguka. Binti huyu alimaliza Kidato cha Nne hapa kwetu, nami nilimfundisha Elimu ya Viumbe miaka minne. Basi majina yalipotoka, hakupangiwa Kidato cha Tano kama wengi walivyotazamia, bali chuo cha utabibu, akasomee kazi ya afisa tabibu kwa miaka mitatu. Mzee alikuwa amekwisha watangazia majirani kwamba mwanawe atakuwa daktari. Sasa akaniuliza kama huyo tabibu ni daktari kweli, au ni mtu wa kufunga vidonda tu, aliyefundishwa mikono asifundishwe kitabu. Alifikiri kwamba ni afadhali binti akae nyumbani mwaka mmoja, arudie mitihani.

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe juma moja. Katika juma hilo nilirudi kusoma habari za mtu ambaye wazazi wangu walimtaja mara kwa mara nilipokuwa mdogo, na nilipozikamilisha nikaona kwamba zinafaa kusomwa na zaidi ya mzee mmoja.

Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tindirma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Watu wake walikuwa Wasonghai. Angali mtoto alitekwa nyara na Watuareg, wale wapanda ngamia wa jangwani, akachukuliwa kaskazini kuvuka Sahara kama bidhaa. Sina haja ya kueleza mengi juu ya safari hiyo. Kila msomaji wa Tanzania anajua misafara ya watumwa ilivyokuwa, maana ilipita katika nchi yetu pia. Tofauti ni kwamba sisi tulipelekwa pwani na yeye alipelekwa mchangani.

Mwaka 1876, huko kusini mwa Algeria, alikombolewa na wamisionari ambao watu wa huku waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mapadri hao hawakuwa wageni kwetu. Kundi lao la kwanza lilitoka Algeria mwaka 1878, likatembea kwa miguu kutoka pwani hadi bara, kisha likagawanyika. Wengine walielekea Ziwa Tanganyika, na wengine walikuja kwenye Nyanza, wakafikia Kageye mwishoni mwa mwaka huohuo. Naam, Kageye hii hii ya kwetu wilayani Magu, kando ya Ghuba ya Speke, ambayo wanafunzi wetu wengine hupita wakienda kuvua dagaa bila kujua kwamba nyayo nyingi zimepita pale. Kutoka Kageye ndipo walipovuka ziwa kwenda Buganda mwaka 1879.

Mapadri hao walikufa ovyo. Homa iliwaua wengine njiani na wengine vituoni. Lavigerie aliona kwamba kazi yake haiwezi kusimama bila waganga, na waganga wa Ulaya hawakuwa tayari kuja, au walikuja wakafa. Ndipo akapata shauri: wale vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wafundishwe udaktari wa chuo kikuu, kisha warudishwe Afrika kama waganga na makatekista, waoe, waishi na watu. Tena akataka wasigeuzwe kuwa Wazungu kwa chakula na mavazi, ili wakifika vijijini wasionekane wageni. Shauri hili lina pande mbili, nami sitaki kulisifu kupita kiasi. Aliyekombolewa hakuulizwa sana anataka nini. Lakini wakati ule, miaka ya 1880, wakubwa wengi wa Ulaya hawakudhani hata kidogo kwamba Mwafrika aweza kukaa darasani na kujifunza udaktari. Lavigerie alidhani aweza, akatoa fedha.

Mahali alipochagua ni kisiwa cha Malta, katikati ya bahari ya Mediterania, nacho kilikuwa chini ya Waingereza. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana jibu la mzee wetu limefichwa humo.

Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, tangu karne ya 13 mpaka ya 17 na hata baada yake, mtu aliyetaka kuwa daktari alisoma kwanza Kilatini na mantiki. Kisha alisikiliza vitabu. Nasema alisikiliza, maana mwalimu alipanda kwenye kiti kirefu akasoma, na wanafunzi wakaandika. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Hippocrates na Galen, Wayunani wa zamani sana, pamoja na Kanuni ya Ibn Sina, Mwislamu wa Uajemi aliyekufa mwaka 1037; kitabu chake kilifundishwa katika vyuo vya Wakristo kwa mamia ya miaka, na watoto wetu wa madrasa wangefurahi kulijua jambo hilo. Mtihani haukuwa wa kumtibu mgonjwa. Ulikuwa wa kujadiliana: mwanafunzi alisimama mbele ya wakubwa akatetea hoja kwa Kilatini, naye akishinda alivikwa kofia na pete.

Na maiti je? Ilipasuliwa mara chache, hasa wakati wa baridi ili isioze upesi, na mara nyingi ilikuwa ya mtu aliyenyongwa kwa hukumu. Mwalimu alibaki juu kwenye kiti chake akisoma Galen, na aliyeshika kisu alikuwa kinyozi. Ndiyo, kinyozi, maana katika nchi nyingi za Ulaya kupasua, kung'oa meno, kutoa damu na kufunga vidonda zilikuwa kazi za vinyozi na mafundi wa upasuaji, waliojifunza kwa kukaa na fundi kama mtu ajifunzavyo uhunzi. Daktari wa chuo hakutaka kuchafua mikono. Kitabu kiliposema hivi na maiti ikaonyesha vile, kitabu ndicho kilichoaminiwa.

Matokeo yake ni kwamba makosa yaliishi miaka zaidi ya elfu. Galen alikuwa amepasua nyani na wanyama wengine, akadhani mwanadamu yuko vivyo hivyo. Alisema taya la chini la mtu lina mifupa miwili. Hata mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili akilishika fuvu la maabara yetu ataona kwamba ni mfupa mmoja. Aliyethubutu kusema hivyo ni Andreas Vesalius, mwalimu wa chuo cha Padua huko Italia. Alishuka kitini, akachukua kisu mwenyewe, na mwaka 1543 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya mwili wa mtu, chenye picha. Padua wakajenga ukumbi wa kupasulia maiti mnamo mwaka 1594, wenye ngazi za kuzunguka ili kila mwanafunzi aone. Mwingereza William Harvey alisoma hapo, akamaliza mwaka 1602, na mwaka 1628 alieleza jinsi moyo unavyosukuma damu ikazunguka mwilini. Baadaye, huko Leiden katika Uholanzi, mwalimu Herman Boerhaave aliwachukua wanafunzi wake kwenye chumba cha hospitali chenye vitanda 12, sita vya wanaume na sita vya wanawake, akawafundisha mbele ya mgonjwa mwenyewe. Hiyo ilikuwa kuanzia mwaka 1714. Kutoka hapo desturi ikaenea.

Malta ilifuata njia yake. Kisiwa kilitawaliwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, ambao walijenga hospitali kubwa mjini Valletta, na wagonjwa wake walilishwa kwa vyombo vya fedha. Mwaka 1676 mkubwa wao, Nicolas Cotoner, alianzisha shule ya kufundisha viungo vya mwili na upasuaji. Angalieni jambo hili: shule ya uganga ilianzia ndani ya hospitali, penye kisu na damu, kisha karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1769, ndipo chuo cha Majesuiti cha tangu 1592 kilipofanywa chuo kikuu. Mkono ulitangulia, kitabu kikafuata.

Kuna jambo jingine la Malta ambalo sikulijua mpaka juma lile, nalo lilinifanya nifunge kitabu kwa muda. Mashujaa hao walikuwa na watumwa. Waliwateka baharini, wengi wao Waislamu wa Afrika ya Kaskazini, wakawafunga minyororo wakavute makasia ya merikebu zao, na wengine wakatumikishwa katika hospitali ileile. Soko lilikuwapo mpaka mwaka 1798, Napoleon alipoiteka Malta na kufuta utumwa. Haikupita hata miaka 100, kijana aliyevushwa Sahara kama mtumwa akaingia mji uleule, si kufagia wodi, bali kusoma udaktari.

Atiman alisoma Malta tangu mwanzo wa miaka ya 1880 mpaka mwaka 1888, akikaa na vijana wenzake Waafrika katika nyumba ya Lavigerie, na kwenda kusikiliza masomo katika Chuo Kikuu cha Malta. Masomo yalitolewa kwa Kitaliano, maana hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya wasomi wa kisiwa. Fikirini: Kisonghai cha mama, kisha maneno ya waliomteka, kisha Kifaransa cha mapadri, na sasa Kitaliano cha darasani. Wanafunzi wanaonililia kwamba Kiingereza cha Elimu ya Viumbe ni kigumu nawasihi wakumbuke hesabu hiyo, ingawa mimi mwenyewe pia nililia zamani.

Uganga aliofundishwa haukuwa tena ule wa Galen. Dawa ya usingizi ya kloroformu ilikuwa imetumika tangu 1847. Joseph Lister alikuwa amewafundisha wapasuaji tangu 1867 kusafisha kidonda na vyombo kwa dawa ya kuua vijidudu. Chanjo ya ndui ilikuwa na miaka karibu 90. Kwinini ilijulikana, lakini hakuna aliyejua bado kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo Ronald Ross alilionyesha mwaka 1897, Atiman akiwa Karema tayari. Na mwaka 1886, katika kisiwa hichohicho cha Malta, daktari wa jeshi la Kiingereza jina lake David Bruce aliwaona kwa hadubini vijidudu vya homa iliyokuwa ikiwatesa askari. Baadaye Themistocles Zammit, Mmalta, akagundua mwaka 1905 kwamba homa ile hutoka katika maziwa mabichi ya mbuzi. Sisi wafugaji wa Usukuma tunaipata homa hiyohiyo kwa kunywa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa, nami naomba akina mama wasomao gazeti hili wachemshe. Bruce mwenyewe alikuja pwani ya Nyanza mwaka 1903, upande wa Uganda, kuchunguza malale.

Mwaka 1888 Atiman alipanda meli kuja Zanzibar, kisha msafara ukaingia bara kwa miguu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa uitwao sasa Katavi. Alikuwa na umri wa miaka kama 23. Karema ilikuwa boma la Wabelgiji lililojengwa mwaka 1879, wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885. Ndani yake na kuizunguka walikaa watu waliokombolewa utumwani, maana misafara ya watumwa ilikuwa bado ikivuka ziwa. Kwa hiyo mganga huyu hakuhitaji kuelezwa hali ya wagonjwa wake. Alipowafunga vidonda vya minyororo alijua vinavyouma.

Hapo ndipo mafunzo ya Malta yalipopimwa. Hakukuwa na mwalimu wa kumwuliza, wala daktari mwenzake wa kushauriana naye. Sanduku la dawa lililokwisha lilingoja miezi mingi msafara mwingine. Alipasua, aliunga mifupa, alichanja, alitibu homa, na malale yalipoingia mwambao wa Ziwa Tanganyika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 yalimkuta hapo. Tena alikuwa katekista. Asubuhi dawa, jioni mafundisho.

Alifanya pia jambo ambalo waganga wengi wa hospitali wa wakati wake waliona aibu kulifanya. Alijifunza miti na mizizi ya wenyeji. Alioa mwanamke wa Kibende, Agnes, na kwa kuishi na watu alipata kufunuliwa dawa ambazo mgeni hafunuliwi. Alizichunguza, akachukua zilizofaa, akaziacha zisizofaa. Sisi hapa tuna bafumu wetu, na najua ubishi unaotokea kila mtu anapougua: upande mmoja wa ukoo unataka hospitali, upande mwingine unataka mizizi, na mgonjwa amelala katikati. Atiman hakubishana. Aliuliza dawa inafanya nini, akangoja aone. Hata lugha yetu haikutenganisha kazi hizi mbili. Mkubwa wa afya wa wilaya, mwenye shahada yake ya chuo kikuu, anaitwa hadi leo Mganga Mkuu.

Mwanawe Yosefu alipata upadri mwaka 1923. Wajerumani walikuja wakaondoka, Wabelgiji wakapita wakati wa vita, Waingereza wakashika nchi, na mganga wa Karema alikuwa palepale. Aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kifaransa, nazo zikatafsiriwa na kupigwa chapa katika Tanganyika mwaka 1946. Uzeeni alitunukiwa nishani. Alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka kama 90, baada ya kukaa Karema miaka 67. Mji wa Sumbawanga una hospitali yenye jina la Dokta Atiman, na watu wa Rukwa wakiugua husema wanakwenda kwa Atiman, kama kwamba yumo ndani.

Basi mzee wetu alirudi baada ya juma, kama tulivyoagana. Nilimweleza haya yote, si kwa mpangilio mzuri kama nilivyoandika hapa, maana kengele ilikuwa ikinikatiza. Alisikiliza kimya. Habari za kinyozi na kisu zilimchekesha. Aliponiuliza tena kama tabibu ni daktari, sikumficha: hapana, si daktari wa shahada. Daktari husoma miaka mitano chuo kikuu, kisha mwaka mmoja hospitalini chini ya wakubwa, na hapo Bugando, Mwanza, wanafundishwa. Afisa tabibu akitaka na akiwa na sifa zinazotakiwa aweza kuendelea baadaye, ingawa njia ni ndefu na ada si ndogo. Lakini nilimwambia pia kwamba katika zahanati nyingi za wilaya hii mgonjwa wa usiku wa manane hukutana na tabibu au muuguzi, na si mtu mwingine. Na lile swali lake la mikono na kitabu, madaktari wa Ulaya wenyewe walibishana juu yake kwa karne nyingi, na wagonjwa ndio waliolipa gharama ya ubishi huo.

Hakuniambia ameridhika. Aliomba nimwandikie jina la Karema kwenye kipande cha karatasi, nikamwandikia.

Binti aliondoka kwa basi la alfajiri. Nilikuwa stendi kwa shughuli zangu nyingine, nikamwona mzee amebeba sanduku la bati kichwani mwake, binti akimfuata na godoro. Tuliposalimiana, akanisogelea akaniuliza kama Karema ni mbali kuliko Mwanza. Nikamwambia ni mbali sana, tena ni kwenye ziwa jingine.